Mtoto hutiwa ari, hanunuliwi

SHUKURANI zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetujaalia watoto wakawa kitulizo cha macho yetu na mtihani wa nyoyo zetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na maswahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, leo tunakusudia kuzungumzia jambo linalozigusa nyumba zetu zote, ziwe za Kirumba, Mabatini, Igoma au Nyegezi hapa jijini Mwanza, ziwe za Nansio kisiwani Ukerewe, za Sengerema, za Musoma au za Bukoba. Jambo lenyewe ni hili: kwa njia gani mzazi humtia mwanawe ari ya kusoma, ya kuswali, ya kuhifadhi Qur'ani na ya kutenda wema, pasina kumharibu?

Wengi wetu tunazo njia mbili tu. Ya kwanza ni ahadi: "Ukifaulu nitakununulia simu. Ukimaliza juzuu nitakupa fedha." Ya pili ni fimbo, pamoja na nduguye fimbo, yaani tusi na masimango. Njia ya ahadi ikishindwa tunakimbilia ya fimbo, na ya fimbo ikishindwa tunasema mtoto ameshindikana. Mara chache tunajiuliza kama aliyeshindikana ni mtoto au ni njia tuliyoishika.

Ziwa hulipa haraka

Sisi tunaoishi ukingoni mwa Ziwa Victoria tunayo sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mitumbwi ya dagaa inaporejea alfajiri, mwaloni huwapo kazi kwa kila mkono: kushusha ndoo, kusuuza, kuanika juu ya mchanga, juu ya miamba au juu ya chanja, kugeuza, na kukusanya kabla mvua haijanyesha. Kijana wa miaka 11 akijitokeza hapo hafukuzwi. Atapewa sarafu zake siku hiyo hiyo, pengine na kitoweo juu yake. Mwalo ni mwajiri asiyeuliza cheti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Lakini sheria haiamki alfajiri pamoja na mitumbwi.

Tufikiri, basi, hali ya mtoto huyu. Elimu humlipa mtu baada ya miaka mingi. Dagaa humlipa kabla ya adhuhuri. Mzazi aliyemzoesha mwanawe kuuliza "nitapata nini?" kila anaposhika daftari, ameingia mnadani kushindana na ziwa, na ziwa lina mfuko mkubwa kuliko wake. Siku mtoto atakapogundua kuwa mwaloni analipwa zaidi ya anavyolipwa nyumbani kwa kusoma, atakwenda mwaloni, wala hatakuwa amevunja kanuni yoyote aliyofundishwa. Atakuwa ameifuata ile ile tuliyomfundisha sisi, kwamba kila jambo lina bei na mwenye bei kubwa ndiye wa kufuatwa.

Zamani tukisema ada ndiyo iliyowatoa watoto shuleni. Serikali iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 2001, ikaondoa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaondoa ya kidato cha tano na cha sita. Gharama za sare, madaftari na chakula zingalipo, na si ndogo kwa mnyonge. Hata hivyo, watoto wanaoacha shule ilhali sare wanazo na daftari wanazo hawajaisha. Hao hawakukosa ada. Walichokosa ni ari. Na ari haiuzwi dukani.

Zawadi si ujira

Pengine msomaji atauliza: je, kumpa mtoto zawadi ni kosa? La hasha. Kosa ni kuigeuza zawadi kuwa ujira. Ujira hupatanwa kabla ya kazi. Zawadi huja baada yake, kwa furaha ya mtoaji. Ujira humfanya mtoto aitazame kazi kama mzigo unaobebwa kwa ajili ya malipo. Zawadi humwambia kuwa alichokifanya kimeonekana na kimependeza.

Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walitoa matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa watoto wa chekechea katika Chuo Kikuu cha Stanford. Waliwachagua watoto waliokuwa wakipenda kuchora kwa hiari yao. Kundi moja liliahidiwa hati nzuri yenye utepe endapo litachora. Kundi la pili halikuahidiwa kitu, ila lilipomaliza likapewa hati hiyo hiyo kwa ghafla. Kundi la tatu halikuahidiwa wala halikupewa. Baada ya wiki moja hadi mbili watoto wote wakaachwa wacheze wapendavyo. Waliokuwa wameahidiwa malipo walitumia katika kuchora karibu nusu tu ya muda walioutumia wenzao. Wale waliopewa bila kuahidiwa hawakupungukiwa na hamu yao. Kumbe hati haikuwa na kosa. Kilichoudhoofisha moyo ni yale mapatano.

Wanavyuoni wetu waliyajua haya kabla ya hapo kwa karne nyingi. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake cha Ihyaa kuwa mtoto akidhihirisha tabia njema akirimiwe kwa kitu kinachomfurahisha na asifiwe mbele ya watu, na kwamba baada ya masomo aachwe acheze, kwani kumnyima mchezo na kumchosha kwa kusoma daima huufisha moyo wake. Tazameni, hapo hapana mapatano ya bei. Pana jicho la mzazi linaloona jema, na mkono unaolikirimu.

Ukarimu huo tunauona katika kisa cha Abu Mahdhura. Baada ya vita vya Hunayn, yeye na vijana wenzake walimsikia mwadhini wa Waislamu, wakaanza kuiga adhana kwa kejeli. Mtume (S.A.W.) akawaita. Wengi wetu tungetafuta kiboko. Yeye alitafuta ni nani kati yao mwenye sauti nzuri, akampata Abu Mahdhura, akamfundisha adhana neno kwa neno. Alipokwisha kuadhini ndipo akampa kifuko chenye fedha, akampapasa na kumwombea baraka. Kijana aliyekuja akiwa na kejeli aliondoka akiomba mwenyewe awe mwadhini wa Makka, na akawa. Fedha ilikuja mwisho. Mwanzo palikuwa na mtu aliyeiona sauti nzuri ndani ya kejeli.

Na ukiahidi, timiza

Kwa vile ahadi hazitakosekana kabisa majumbani, hatuna budi kuzichunga. Imepokewa kwa Abdullah bin Amir kuwa siku moja mama yake alimwita akimwambia aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) alikuwa amekaa nyumbani kwao. Mtume akamuuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa alikusudia kumpa tende. Mtume akamweleza kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo.

Tende ni kitu kidogo, na mtoto ni mdogo. Lakini uongo haukuhesabiwa kuwa mdogo. Basi itakuwaje kwa baba aliyeahidi baiskeli tangu mtoto yuko darasa la tatu, na sasa yuko la saba? Mtoto huyo haikosi baiskeli peke yake. Amejifunza kuwa neno la baba halina uzito, na kesho baba akimwambia kuwa elimu ni nuru atalipima neno hilo kwenye mizani ile ile ya baiskeli. Ahidi dogo unaloliweza. Kama ukame wa samaki umekukumba na huwezi tena, mkalishe mwanao umwambie ukweli wa hali yako. Mtoto anayeambiwa ukweli huvumilia mengi.

Sifa ina namna yake

Njia bora kuliko ahadi ni sifa, lakini nayo ina adabu zake. Abdullah bin Umar (R.A.) alikuwa kijana alipoota ndoto, akamsimulia dada yake, Hafsa, naye akamweleza Mtume (S.A.W.). Mtume akamsifu Abdullah kuwa ni mtu mwema mno, lau angekuwa akiswali usiku. Mwanawe, Salim, amesimulia kuwa tangu siku hiyo Abdullah hakuwa akilala usiku ila kidogo. Hapakuwa na fimbo wala mapatano. Palikuwa na sifa ya kweli na mlango mmoja ulioachwa wazi, kijana akauingia mwenyewe. Zingatia pia kuwa Mtume hakumtajia kasoro kumi. Alimtajia jambo moja, tena lililo ndani ya uwezo wake.

Sisi mara nyingi huwasifu watoto kwa wasichokitenda. Humwambia mtoto, "Wewe una akili sana," tukadhani tumemjenga. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck, waliokuwa Chuo Kikuu cha Columbia nchini Marekani, walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo mepesi, kisha baadhi wakasifiwa kwa akili zao na wengine kwa bidii yao. Waliosifiwa akili wengi wao walipendelea kazi nyepesi baadaye, wasije wakaonekana hawana akili. Walipopewa mafumbo magumu walivunjika moyo, na hata waliporudishiwa mepesi walifanya vibaya kuliko mwanzo. Waliosifiwa bidii walitaka kazi za kuwafundisha zaidi, na mwisho wakafanya vizuri kuliko walivyoanza. La kutisha zaidi ni kwamba walipotakiwa kuandika alama zao wawaeleze watoto wengine, takriban wanne katika kila kumi ya waliosifiwa akili walisema uongo, wakajiongezea.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, sifu kazi na uitaje kwa jina lake. Badala ya "una akili," sema: "Mwanangu, nimeona jana hesabu hii ilikushinda mara mbili na hukuiacha. Nimefurahi." Badala ya "sauti yako ni nzuri kuliko wote madrasani," sema: "Wiki iliyopita ulikuwa ukikosea hukumu ya nuni sakina, leo umeisoma sawasawa." Sifa ya namna hii humwonyesha mtoto njia aliyopitia, naye huweza kuipita tena kesho. Sifa ya akili humwachia wasiwasi wa kulinda cheo.

Kulinganisha ni dhulma

Wako wazazi wanaodhani kumlinganisha mtoto na nduguye ni kumtia wivu wa maendeleo. "Mwone mwenzako! Wewe umefanana na nani?" Bashir (R.A.) alipotaka Mtume (S.A.W.) ashuhudie zawadi aliyompa mwanawe Nu'man, Mtume alimuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wake. Alipojibu kuwa hakuwapa, Mtume akakataa kuwa shahidi, akamwamuru amche Mwenyezi Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Ikiwa uadilifu unatakiwa katika mali, basi hauachi kutakiwa katika neno, kwani mtoto hukumbuka neno muda mrefu baada ya mali kuisha. Ndugu zake Yusuf (A.S.) waliamini tu kuwa baba yao anampenda yeye zaidi, na sote twajua walichokifanya kisimani.

Hata katika elimu ya taifa jambo hili limetazamwa upya. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania lilikuwa likitangaza wanafunzi bora na shule bora kila matokeo yatokapo. Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, liliacha utaratibu huo. Ikiwa taifa limeweza kuacha kuwapanga watoto kwa mstari, nyumba yenye watoto wanne haishindwi. Mlinganishe mtoto na nafsi yake: alikuwa wapi mwezi uliopita, yuko wapi leo.

Katika uadilifu tusiwasahau mabinti. Zimo nyumba ambamo mvulana huambiwa asome, na dada yake huambiwa achote maji, apare samaki, apike, aoshe vyombo, kisha usiku wa manane, akiwa amechoka, aulizwe kwa nini alama zake zimeshuka. Huyo hakosi ari, amenyimwa saa. Wagawieni kazi za nyumbani wote wawili, na wapeni wote wawili saa ya kusoma. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akiwasaidia ahali zake kazi za nyumbani, hivyo mvulana anayefagia hapungukiwi na heshima.

Samaki hukunjwaje?

Inapofika zamu ya fimbo, hoja yetu huwa ni methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli, lakini tuwaulize wanaowajua samaki. Anayemwandaa kambale kwa kumbanika humkunja taratibu, kwa mikono yote miwili, mpaka mkia ukafika mdomoni. Akimkunja kwa nguvu na haraka, ngozi hupasuka na nyama huvunjika, na samaki aliyevunjika haendi sokoni. Methali imetuhimiza tuwahi. Haikutuamuru tuvunje.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, na matokeo yake kutolewa 2011, ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wasichana kwa wavulana, walisema walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Agosti 2018, mjini Bukoba, ng'ambo ya magharibi ya ziwa letu hili, mwanafunzi wa darasa la tano mwenye umri wa miaka 13 alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi wa mkoba. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni ziliweka ukomo wa viboko vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mkono wenye hasira hauhesabu mpaka nne.

Hata pasipotokea kifo, fimbo ina madhara yasiyoonekana kwa macho. Mwanazuoni Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, ameeleza kuwa mwanafunzi anayelelewa kwa ukali na kulazimishwa hunyong'onyea nafsi, huingiwa na uvivu, na husukumwa kwenye uongo na hila, akidhihirisha asiyokuwa nayo moyoni kwa kuogopa mkono utakaomwangukia, hadi hila hiyo ikawa ndiyo tabia yake. Tuliangalie hili kwa makini. Mtoto anayeswali kwa kumwogopa baba huswali baba akiwapo. Baba akienda ziwani, swala nayo imekwenda ziwani.

Anas bin Malik (R.A.) aliletwa na mama yake kumtumikia Mtume (S.A.W.) akiwa na umri wa kama miaka kumi, akamtumikia miaka kumi. Amesimulia kuwa katika muda wote huo hakuwahi kusikia kutoka kwake neno la kukereka, wala hakuulizwa kwa lawama kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Naye Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, alikuwa mtoto ambaye mkono wake ukizunguka sahani nzima. Mtume alimwelekeza mambo matatu tu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Umar amesema kuwa huo ndio uliokuwa ulaji wake tangu siku hiyo. Neno moja la upole lilidumu umri mzima.

Upole haumaanishi kumwachia mtoto afanye atakalo. Saa ya kulala iwe saa ya kulala, na aliyevunja kitu asaidie kukitengeneza au kukilipia kwa jasho lake. Mtoto anahitaji mpaka ulio wazi usiobadilika kwa hali ya moyo wa mzazi. Ila mpaka huo alindwe nao, asipigwe nao.

Mpe dhamana

Jambo linaloamsha ari kuliko yote ni mtoto kuaminiwa. Nabii Ibrahim (A.S.), ijapokuwa amri ilikuwa ya Mola wake, alimweleza mwanawe ndoto yake na akamtaka atazame naye aonaje, kama tusomavyo katika Surat As-Saffat. Luqman katika nasaha zake humwita mwanawe kwa jina la mapenzi tena na tena, na makatazo yake hayaji bila sababu. Mtume (S.A.W.) alimkabidhi Usama bin Zayd uongozi wa jeshi hali ya kuwa kijana ambaye hajatimiza miaka 20, na chini yake wamo maswahaba wakubwa.

Sisi nasi tunazo dhamana za kuwapa watoto wetu. Mama muuza samaki anaweza kumkabidhi mwanawe wa darasa la sita daftari la hesabu: ndoo ngapi zimenunuliwa, kwa bei gani, zimeuzwa ngapi, nani anadaiwa, faida ni kiasi gani. Ifanyike jioni nyumbani, baada ya shule, dakika ishirini tu. Hapo mtoto ataona kuwa asilimia na mgawanyo aliofundishwa darasani ndio unaoonyesha kama kesho kuna mtaji. Mama ambaye hakujaaliwa kusoma asione haya; amwambie mwanawe, "Nisomee, mama, kisha nieleze." Mtoto anayemweleza mzazi wake somo amelisoma mara mbili.

Vivyo hivyo, mtoto anayelipenda ziwa asitukanwe kwa kulipenda. Aonyeshwe kuwa ziwa nalo lina elimu yake. Hapa hapa Nyegezi kuna chuo cha uvuvi kilicho chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina kituo chake Mwanza. Wapo watu ambao kazi yao ni kujua sangara huzaa lini, kwa nini furu wamepungua, na dagaa wakaushwe vipi wasiingie mchanga. Mvulana anayezijua nyavu za baba yake akisikia hayo, kitabu cha sayansi hakitakuwa tena adui wa mwalo.

Siku nyeupe

Wapo akina baba watakaosema: muda wa yote haya tutaupata wapi, nasi usiku tuko majini? Mwenyezi Mungu amewapa nafasi ambayo wengine hawana. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikitanda taa hazina kazi, mitumbwi hupumzika. Siku hizo ndizo zinazoangukia katikati ya mwezi wetu wa Kiislamu, tarehe 13, 14 na 15, ambazo ni sunna kuzifunga na huitwa Siku Nyeupe. Baba yuko nyumbani, na kufuturu kunawakusanya watu wote mkekani.

Zitengeni jioni hizo kuwa za watoto. Baada ya Magharibi baba asikilize kila mtoto kwa zamu, mdogo kwa mkubwa: amejifunza nini mwezi huu, kipi kilimshinda, anataka kufikia wapi mwezi ujao. Lengo liwe moja, dogo, la mtoto mwenyewe: sura fupi mbili, jedwali la saba, au kuswali Alfajiri bila kuamshwa. Mwezi ukijaa tena, mkutane muulizane. Aliyefikia, mpongezeni na kumwombea. Asiyefikia asisimangwe, aulizwe ni nini kilichomzuia, na mzazi ajiulize amsaidie vipi. Mwaka mzima ni vikao 12 tu, lakini mtoto aliyesikilizwa na baba yake mara 12 hasemi kuwa baba yake ni mtu wa kumletea fedha na makaripio.

Ulimi wa mzazi

Tumalizie kwa silaha ambayo haina gharama, nayo ni dua. Mtume (S.A.W.) alimwombea Abdullah bin Abbas, akiwa bado mtoto, apewe ufahamu katika dini, na umma mzima ukaja kunufaika na elimu yake. Kinyume chake, ametukataza tusiziombee shari nafsi zetu, watoto wetu wala mali zetu, tusije tukaiafiki saa ambayo dua hupokelewa. Ni mara ngapi midomo yetu imemtamkia mtoto kuwa hatafika popote, eti kwa kumtia uchungu wa maendeleo? Mwombee akiwa anasikia. Mtoto anayesikia mama yake akimtaja kwa jina katika dua baada ya swala hujua kuwa kuna mtu anayemtarajia, na ni vigumu sana kumvunja moyo anayekutarajia.

Ndugu wasomaji, ziwa litaendelea kulipa kila asubuhi, na sisi hatuwezi wala hatuna haja ya kushindana nalo kwa bei. Tumpe mtoto kile ambacho mwalo hauna: jicho linaloiona bidii yake, neno lisilovunjwa, haki baina yake na nduguze, mkono usiompiga kwa hasira, na dhamana ya kumwonyesha kuwa anaaminiwa. Mwenye kuvipata hivyo nyumbani atakwenda mwaloni kununua kitoweo, kisha atarudi kusoma.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atutengenezee vizazi vyetu na atujaalie subira katika malezi. Wabillahi tawfiiq.